Masikio ya Sungura Katika Daftari la Zuhura

Baba yangu mdogo alisema mbele ya kikao cha ukoo, kule Tukuyu, mimi nikiwa nimekaa palepale, kwamba mtu aliyepata F ya hesabu kidato cha nne hawezi kumfundisha hesabu hata mbuzi. Shangazi akaongeza kwamba ingekuwa afadhali nirudi Zambia nilikotoka, maana kule angalau sikuwa najulikana. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mkufunzi, mwenzangu mwenye digrii mbili aliniambia kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa majibu ya vipimo, kwamba diploma inatosha kufundisha watoto, si kufundisha walimu.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kuwasaidia walimu wa hesabu, na nimeanza na maneno hayo kwa sababu wote watatu walikosea. Kati ya Mbeya na Iringa sijui wilaya ambayo sikuingia na sanduku langu la bati. Wapo walimu wanaofundisha leo kugawanya kwa namna niliyoieneza mimi, na hawajui kwamba niliieneza mimi. Sina kinyongo nao. Lakini nataka ijulikane.

Zambia nilikuwa karani wa ghala, Kitwe. Miaka minne nilihesabu magunia ya unga. Mkuu wa ghala alinifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa kugusa. Gunia la Kitwe lilikuwa gunia kweli: lilishonwa kwa mashine, lilipimwa kwa mizani, halikuzidi wala kupungua. Likumbukeni gunia hilo, maana litarudi kunichapa.

Hukohuko ghalani nilijifunza hesabu upya, peke yangu, kwa vitabu vya darasa la tatu vilivyochakaa, nikivificha ndani ya leja ili wapakiaji wasinicheke. Ndipo nikagundua kwamba sikuwa mjinga. Tatizo ni kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza nilifikaje kwenye jibu langu. Waliweka alama ya kosa wakaenda kwenye daftari la jirani. Nilirudi nyumbani kwa ajili ya jambo hilo moja. Nikasoma cheti cha ualimu nikiwa mzee kuliko wote darasani, nikafundisha shule za msingi Mbeya, nikasoma diploma, na kwenye mtihani wa hesabu wa diploma hakuna aliyenipita. Baba mdogo sikumwandikia. Nilihakikisha tu kwamba amesikia.

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha walimu ilikuwa Iringa mjini, kwenye kituo cha walimu chenye madirisha yasiyofungika. Nilikuwa chini ya Bwana Nyagawa, mkufunzi mfupi kutoka Njombe aliyekaribia kustaafu, mtu asiyepaza sauti hata akikanyagwa. Aliniambia nisiwahutubie. Niandike ubaoni hesabu moja iliyokosewa na mtoto halisi, kisha niulize swali moja, ninyamaze.

Niliandika 52 − 27 = 35. Nikauliza, "Mtoto huyu alifikiri nini?"

Walimu ishirini na wawili walinitazama. Mmoja, kijana mwenye tai, akasema, "Hakufikiri, Mwalimu. Ndiyo shida yao."

Bwana Nyagawa akajibu kutoka nyuma, taratibu, bila kuinuka. "Alifikiri. Ulimwambia ndogo ndiyo inayotolewa kwenye kubwa. Amekuta mbili na saba, akatoa mbili kwenye saba. Amekutii wewe."

Yule kijana alilegeza tai. Nami nilijua palepale kwamba kazi yangu ya maisha nimeipata. Kosa hilo nimelikuta kila shule niliyoingia, kuanzia kwenye migomba ya Rungwe hadi kwenye joto la bonde la Ruaha, na kila mara ni mtoto aliyetii.

Kwa hiyo nikaanza kukusanya madaftari. Wenzangu walitunga makosa ya mfano kutoka kichwani, na makosa ya kutunga hayana uhai. Mimi nilitaka daftari lenyewe, na mahali mtoto alipofuta kwa mate, na penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Fotokopi haionyeshi hayo. Nilikuwa naingia darasani, nakaa nyuma, natembea kati ya madawati, na nikiona kosa zuri namwambia mtoto, "Niazime daftari lako, nitakurudishia." Walitoa bila ubishi. Mtoto wa shule ya msingi hamnyimi mtu mzima mwenye koti.

Zuhura alikuwa wa kwanza. Ilikuwa Ruaha Mbuyuni, kule barabara kuu inakopita katikati ya mashamba ya vitunguu, nami nilikuwa nimeenda kwa siku moja tu. Darasa la nne lilikuwa linajifunza kugawanya. Ubaoni mwalimu alikuwa ameandika kwamba gunia moja ni debe sita, kisha swali: mkulima amevuna debe arobaini na nane za vitunguu, atajaza magunia mangapi? Watoto waliandika nane. Zuhura, mtoto wa mfanyabiashara wa vitunguu, mwembamba, mtandio mweupe, aliandika sita. Pembeni alikuwa amechora maduara sita, ndani ya kila duara vijiti sita vimepangwa vizuri, na juu ya kila duara, nje, vijiti viwili vimesimama.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Niliona wazi: mtoto hajui kugawanya, amechukua ile sita ya ubaoni akaifanya jibu, kisha akachora maduara ya kujifurahisha na kuyawekea masikio. Nilitoa kalamu yangu nyekundu, mimi mwenyewe, nikaweka alama ya kosa. Nikamuuliza mwalimu wake kama binti huyu ana shida ya kugawanya. Akasema hajaona. Nikamwambia amtazame vizuri. Nikamwomba Zuhura daftari.

"Utalileta lini?" akauliza. Ndiye mtoto pekee aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Kesho," nikasema, nikijua kesho ningekuwa Mbeya.

Angalieni nilichokosa. Mimi, niliyerudi kutoka Zambia kwa sababu sikuulizwa nilifikaje, sikumuuliza. Nilikuwa nimehesabu magunia miaka minne. Nani angeniambia kuhusu gunia?

Miaka iliyofuata ilikuwa ya sanduku. Ndani yake nilikuwa na vijiti vya fito, kila kumi vimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, vizibo vya soda, maharage ya rangi mbili, karatasi za manila, na madaftari, ambayo yalizidi kuongezeka. Nitawapa siri moja ya vijiti: msifungue fungu la kumi kwa ajili ya mtoto. Mwacheni alifungue mwenyewe anapokosa vya kutoa. Siku anapofungua tyubu ile kwa vidole vyake, ameelewa kukopa kwenye makumi kuliko mtakavyoeleza muhula mzima. Mbinu hii nimeikuta imechapishwa kwenye kijitabu cha mafunzo bila jina langu.

Cha kuzoea katika kazi hii si vumbi wala mabasi. Ni saa kumi alasiri. Mafunzo yakiisha, walimu huondoka wawiliwawili, wakicheka, wakisimuliana habari za vikundi vyao na watoto wao, na mwezeshaji hubaki anakusanya vizibo chini ya meza. Kisha gesti, kitanda, sahani ya wali na maharage kwa mtu mmoja. Mama wa mgahawa mmoja Ubaruku alikuwa ananiwekea kiti upande wa pili wa meza, anasema meza yenye kiti kimoja inamtia huzuni. Mke wangu, Tumpe, alibaki Tukuyu na shamba letu la chai na watoto. Mwanzoni alikuwa ananiuliza narudi lini. Baadaye aliacha kuuliza. Alizoea nisipokuwepo, na Tumpe akishazoea jambo hulibadilishi. Hatukugombana hata siku moja. Tulipungukiwa tu na vya kusema.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitasimulia moja. Ubaruku hiyohiyo, kwenye mpunga, kulikuwa na mwalimu mwanamume mzuri sana, anapendwa na watoto, ambaye darasa lake lilifaulu kila kitu isipokuwa sehemu. Nilikaa naye siku mbili kabla hajaniambia ukweli. Kila mwaka alipofika sura ya sehemu alikuwa anairuka, na watoto anawapeleka bustanini, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuelewa kwa nini robo ni ndogo kuliko theluthi wakati nne ni kubwa kuliko tatu. Alisema hivyo akitazama mlango. Nilinunua maandazi mawili, tukafunga darasa, tukayakata, moja vipande vitatu na moja vinne, tukala ushahidi. Sikumwambia mtu jina lake na siwaambii. Yule aliyeniambia diploma haitoshi angemwandikia ripoti.

Daftari la Zuhura ndilo lililokuwa nyota ya sanduku langu. Kila mafunzo nililiacha la mwisho. Nililiinua, nikaonyesha maduara yale na masikio yake, nikasema, "Tazameni, mtoto ameulizwa magunia, amechora sungura." Walimu walicheka kila mara. Mbarali walicheka, Rungwe walicheka. Kisha nilieleza jinsi ya kumsaidia mtoto anayekwepa hesabu kwa kuchora. Niliwapa hatua tatu. Zilikuwa hatua nzuri, zilikosa mtu wa kumsaidia tu.

Nilifanya hivyo miaka tisa. Mwaka wa tisa nilikuwa Iringa, kwenye kituo kilekile nilichoanzia, na madirisha bado hayajafungika. Nililiinua daftari, nikasema la sungura, wakacheka. Nyuma kabisa alikaa Mwalimu Kikoti, mama mtu mzima aliyejifunga kitenge juu ya gauni kwa ajili ya baridi, na siku nzima hakuwa amesema neno. Akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Naomba kulishika."

Nilimpelekea. Alivaa miwani, akapitisha kidole duara la kwanza, la pili, mpaka la sita. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Haya si masikio, baba. Hii ni lumbesa."

Nikamwambia sikumwelewa.

"Mimi nimeolewa Ruaha Mbuyuni. Gunia la vitunguu kwetu hujaa debe sita mpaka mdomoni. Halafu mnunuzi anaweka kamba, anaongeza debe mbili juu, inasimama kama kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Gunia letu ni debe nane." Akageuza daftari liwaelekee wenzake. "Sita ndani, mbili juu. Arobaini na nane ukigawa kwa nane ni sita. Mtoto huyu amepata. Alikuwa anawaambia gunia la ubaoni halipo sokoni."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Kikoti alinirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonikata. Akauliza jambo moja tu. "Nani aliweka hii nyekundu?"

Ningeweza kujibu. Walimu thelathini walikuwa wanangoja. Badala yake niliangalia saa, nikasema muda wetu umekwisha, tukutane kesho saa mbili.

Ninyi mnaosoma mtaniona mimi ni mtu wa kujisifu, na ni kweli, nina vya kujisifia. Basi sifa zangu chukueni na hili. Kesho yake sikulitaja. Nililiweka daftari la Zuhura chini kabisa ya sanduku, chini ya vijiti, na sikulitoa tena. Sikumtafuta. Kila nilipopita Ruaha Mbuyuni kwa basi, vitunguu vimepangwa kando ya barabara, magunia yamesimama na vichwa vyake, yale masikio makubwa, niliangalia upande wa pili. Niliendelea kufundisha watu waulize "umefikaje hapa," na nilifundisha vizuri kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nilijua mtu anapoteza nini asipouliza. Lakini sikumwambia mtu nimejuaje.

Nilistaafu mwaka jana. Walinipa kanga ya Tumpe, saa ya ukutani, na hotuba iliyokosea wilaya mbili. Nyumba yangu iko Kihesa, nimeijenga mwenyewe, vyumba vitatu. Watoto wako Dar es Salaam. Tumpe alikuja wiki moja, akalisifu jiko, akarudi kwenye chai yake. Kanga aliisahau, au aliiacha. Ndipo nikafungua sanduku na kuhesabu madaftari, kwa macho kisha kwa kugusa. Yalikuwa thelathini na saba. Watoto thelathini na saba nilikuwa nimewaambia nitarudisha, na sikuwa nimerudisha hata moja.

Nilianza na ya karibu. Niwaambie ukweli, ni kazi ya ajabu kumtafuta mtu mzima umpe daftari lake la darasa la nne. Fundi pikipiki wa Uyole alidhani namuuzia kitu. Muuguzi mmoja alikumbatia lake akaingia nalo wodini. Wawili walikuwa wamefariki, nikawapa mama zao, na mmoja wa mama hao alikaa anatazama mwandiko bila kuona kwamba bado nimesimama. Walimu wakuu walinikaribisha chai na kuniuliza nani amenituma. Ilichukua miezi saba. Nilimwacha Zuhura awe wa mwisho, kama nilivyokuwa nafanya kwenye mafunzo.

Ruaha Mbuyuni waliniambia aliolewa Mbarali. Nilimkuta Ubaruku, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwanamke wa makamo sasa, mnene kidogo, mtandio uleule ungesema. Vijana wa kupakia walikuwa wanamwita Bosi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala anahesabu magunia yanayotoka, bila karatasi, midomo haitikisiki.

"Shikamoo, mzee. Mchele au pumba?"

Nilijitambulisha. Hakunikumbuka hata kidogo. Nikafungua sanduku langu la bati, nikatoa daftari. Alisoma jina juu ya jalada, akalisoma tena, kisha akaniangalia kwa namna nyingine.

"Wewe ndiye yule wa koti," akasema. "Ulisema kesho."

"Nilisema kesho."

Alinisimulia akiwa amesimama vilevile, jicho moja kwenye magunia. Alingoja wiki nzima. Daftari jipya halikununuliwa upesi, mama alidhani amelipoteza, wakazozana. Muhula uliofuata mwalimu alipanga darasa upya, akamweka kwenye madawati ya nyuma pamoja na wasiojua kugawanya, akisema mkaguzi ndiye aliyemtambua. Mkaguzi huyo nilikuwa mimi, ambaye sikuwahi kuwa mkaguzi. "Nikakaa huko nyuma mpaka la saba," akasema. "Hesabu niliiachia palepale. Sijui hesabu mimi."

"Sasa hivi unafanya nini hapo mlangoni?"

"Hii?" Akacheka. "Hii siyo hesabu. Hii ni kazi."

Nilimwambia yote niliyowaandikia hapa. Nilimwambia kuhusu sungura, na kuhusu walimu walivyocheka miaka tisa, na Mwalimu Kikoti, na saa niliyoitazama ili nisijibu. Nikamwambia ile nyekundu niliweka mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Alifungua daftari ukurasa wa sungura, akaliangalia jibu lake, akasema, "Si nilipata."

"Ulipata."

Kisha akageuza ukurasa. Ninyi hamtaamini, lakini katika miaka yote ile mimi sikuwahi kugeuza ukurasa ule. Sikuwa na haja, sungura alikuwa upande wa kwanza. Upande wa pili kulikuwa na hesabu nyingine tano za kugawanya, zimefanywa zote kwa penseli, hazina alama yoyote.

"Hizi hukusahihisha," Zuhura akasema.

Aliniwekea gunia la pumba, nikakaa. Akatafuta kalamu kwenye meza ya mizani. Ilikuwa ya bluu, nikashukuru. Nilianza ya kwanza na nikafanya kile nilichowafundisha walimu wa mikoa miwili kukifanya. Nilimuuliza, "Hapa ulifikaje?" Akainama, akafikiri, mpakiaji mmoja akamwita, yeye akamwambia angoje. Akanieleza. Nikaweka alama ya vema. Ya pili akanieleza, vema. Ya nne ilikuwa na kosa kweli, nikamwambia, akaitazama akasema, "Aa, hapo niliruka moja, mama alikuwa ananiita." Nikamwachia kalamu, akairekebisha mwenyewe. Mwisho nilirudi ukurasa wa kwanza, nikaweka vema kubwa juu ya wekundu wangu, nikaandika jina langu na tarehe ya siku ile, kama mwalimu anavyotakiwa.

Nilipoaga alichukua debe, akanipimia mchele. Alipofika mdomoni hakusimama. Aliendelea kumimina mpaka ukasimama kichwa juu, akausukumia kwenye sanduku langu lililokuwa tupu.

"Na masikio yake, Mwalimu," akasema, akarudi mlangoni kwenye magunia yake.

Sanduku liko jikoni Kihesa sasa. Halina daftari la mtu yeyote. Mchele ule, kwa ulaji wangu, unamtosha mtu mmoja zaidi ya miezi miwili. Nimepiga hesabu mara mbili, na mara zote mbili nimepata mtu mmoja.